Kati ya "Haupo" na "Sijakuona"

Mimi ni mwandishi wa habari, si fundi wa kompyuta. Ila laptopu yangu inatumia Debian 12, na ukitumia Linux utajifunza ufundi upende usipende.

Siku moja nilitaka kujua ls, ile amri ya kuorodhesha mafaili, imeletwa na kifurushi kipi. Programu ya kusimamia vifurushi, dpkg, ina sehemu ya kutafuta: unaipa anwani ya faili, inakutajia kifurushi. Nikaipa /usr/bin/ls. Ikasema hakuna. Na faili nalitazama, lipo! Nikaandika /bin/ls, papo hapo ikajibu: coreutils.

Kumbe ni habari ya kuhama. Debian waliunganisha /bin na /usr/bin, anwani ya zamani ikabaki kama kibao cha kuelekeza njia. Lakini dpkg haiendi kuchungulia kwenye diski. Inasoma daftari lake, na daftari linajua anwani ya kwanza tu.

Mtu wa Mlowo haya anayaelewa haraka. Hadi 2016 Mbozi yetu ilikuwa Mkoa wa Mbeya. Ukaundwa Mkoa wa Songwe, tukahama bila kubeba hata sufuria. Malori ya Tunduma yanapita barabara ileile. Mdogo wangu alizaliwa kabla ya hapo. Alipopeleka cheti cha kuzaliwa kihakikiwe aombe chuo, karani wa ofisi moja alitafuta chini ya Songwe, akamwambia, "Dada, haupo." Zilibaki siku tatu dirisha la maombi lifungwe. Alirudi nyumbani analia. Mama akasema, "Kesho nenda tena mwanangu, mwambie atafute Mbeya." Akapatikana.

Debian walilimaliza lao kwa subira: kifurushi kimoja kimoja kiliandikwa upya kwa anwani mpya, hadi toleo la 13 lilipotoka Agosti 2025.

Kinachonikera ni lile neno. Ujumbe wa dpkg, ukiusoma taratibu, unasema tu kwamba haikupatikana njia inayolingana na uliyoandika. Hiyo ni kauli kuhusu daftari. Sisi tunaisikia kama kauli kuhusu dunia. Karani angesema "sijakuona", mdogo wangu angemuuliza, "Umetafuta wapi?" Ukishaambiwa "haupo", utauliza nini tena?