Muda wa Foleni

Kitabu kilichonifanya niitazame upya ndoo ya mama yangu kilichapishwa mwaka 1972. Nilikikuta nikiwa mtu mzima, kwenye rafu ya maktaba ya Chuo Kikuu pale Mlimani. Kinaitwa Drawers of Water, na kimeandikwa na watu watatu: Gilbert White, mwanajiografia wa Marekani, mkewe Anne, na David Bradley, daktari Mwingereza aliyekuwa akifanya kazi Makerere. Kati ya 1966 na 1968 utafiti wao ulipita kwenye maeneo 34 ya Kenya, Uganda na Tanzania, mjini na shamba. Waliuliza mambo ambayo wasomi wachache wa wakati ule waliyahesabu kuwa elimu. Nani anachota? Anakwenda wapi, anabeba kiasi gani, na inamchukua muda gani? Maji yakifika nyumbani yanatumika kwa kazi zipi?

Nilisoma nikiwa nimesimama. Hayo ndiyo yaliyokuwa maisha yetu Temeke.

Utotoni bomba la mtaani lilitoka maji, na mtambo wa Ruvu Chini ulipoanza kazi mwaka 1976 wazee walisema shida ya maji Dar es Salaam imekwisha. Haikuisha. Mji ulikua, mabomba yakachakaa, na miaka ya themanini ikatuletea mgao. Mama akawa anaamka saa tisa usiku, anajifunga kanga, anaweka ngata kichwani na kutoka na debe. Sisi watoto tulilala tena. Asubuhi tulikuta pipa lina maji kidogo, nasi tukajua kwa kutazama tu kama usiku ule foleni ilikuwa ndefu. Maji baridi yalikuwa ya kunywa na kupikia. Ya kisima, yenye chumvi, ndiyo tuliyooshea vyombo na kudekia. Kuoga kulitegemea kilichobaki, na mara nyingi wadogo zangu wawili waligawana ndoo moja isiyojaa.

Kipindupindu kilipoingia kwa nguvu kuanzia mwaka 1977, bwana afya alipita nyumba kwa nyumba akihimiza watu wachemshe maji ya kunywa. Alisema kweli, na mama alimtii hata pale mkaa ulipokuwa wa shida. Lakini sikumbuki mtu yeyote wa serikali aliyemuuliza ana lita ngapi za kunawishia watoto. Mdogo wangu alikuwa na upele usiokwisha, na jirani yetu mmoja alisumbuliwa na vikope miaka nenda miaka rudi. Mtaani ilisemwa kwamba watu wa nyumba zile ni wachafu. Maneno hayo yalimuuma mama kuliko uzito wa debe.

Bradley ndiye aliyenipa jibu la kumpelekea. Aliyagawa magonjwa ya maji kwa njia yanavyompata mtu. Kuna yanayonywewa pamoja na maji machafu, kama kipindupindu. Kuna yanayotokana na viumbe waishio majini, kama kichocho, na kuna yanayoletwa na wadudu wanaozaliana majini. Halafu kuna kundi ambalo dawa yake ni wingi wa maji: upele, vikope, na sehemu kubwa ya kuhara kwa watoto. Hapo hata maji yasiyo safi sana husaidia, mradi yawe mengi ya kuogea na kunawia. Nilipomweleza mama, alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Kumbe hatukuwa wachafu, mwanangu. Tulikuwa hatuna maji."

Mimi mwenyewe niliingia kazi ya udodosaji mwanzoni mwa miaka ya tisini, nikibeba madodoso ya afya ya kaya. Tulifundishwa kuuliza chanzo cha maji na umbali wake, kwa sababu sera zilihesabu umbali. Mwaka 1971 serikali ilikuwa imeahidi kwamba ndani ya miaka 20 kila mwananchi wa kijijini atapata maji yasiyozidi mita 400 kutoka kwake. Ilikuwa ahadi kubwa, na kuna vijiji vilivyopata mabomba kwa sababu yake. Ila mita hazisemi mtu anasimama muda gani akifika. Bibi mmoja wa Mbagala alinionyesha kioski cha maji kutoka barazani kwake, karibu kabisa, akaniambia, "Andika ni hapo, mwanangu. Halafu andika nimetoka huko jua limeshapanda." Dodoso langu halikuwa na nafasi ya sentensi ya pili. Niliiandika pembeni.

Mwaka 1997 utafiti wa kina White na Bradley ulirudiwa, karibu katika maeneo yote yale yale. Safari hii miongoni mwa wakuu wake walikuwamo wasomi wa kwetu: Mark Mujwahuzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, James Tumwine, daktari wa watoto wa Makerere, na Munguti Katui-Katua wa Kenya. Walichokikuta kilinisikitisha, ingawa hakikunishangaza. Nyumba zenye bomba zilikuwa zikitumia karibu nusu ya maji ziliyotumia miaka thelathini nyuma, kwa sababu maji hayakutoka tena mchana na usiku. Nyumba zisizo na bomba zilitumia zaidi kuliko zamani, lakini bado zilikuwa mbali sana na zenye bomba. Na muda wa kuchota kwa wasio na bomba ulikuwa umepanda kutoka wastani wa dakika 28 kwa siku hadi 92. Watu waliongezeka, koki zikawa chache, na foleni ikameza saa za wanawake na za watoto wa shule.

Hesabu hiyo naiheshimu kuliko hotuba zote nilizosikia kuhusu maji. Kwa mara ya kwanza usingizi aliokatiza mama ulikuwa na namba.

Sera ya maji ya mwaka 2002 ilishika mita 400 zile zile, lakini iliongeza kwamba kituo kimoja kihudumie watu 250, na hapo naiona foleni ikianza kuingia kwenye maandishi. Baada ya mwaka 2015, katika kupima Malengo ya Maendeleo Endelevu, WHO na UNICEF wanataka safari ya kwenda, kusubiri na kurudi isizidi dakika 30 ndipo maji ya chanzo kilichoboreshwa yahesabiwe kuwa huduma ya msingi. Kusubiri kumetajwa.

Sasa nafundisha wadodosaji vijana. Swali la muda limo kwenye madodoso yao, lakini mara nyingi hujibiwa na baba mwenye nyumba, na baba husema dakika kumi. Nawaambia wamshukuru, kisha waombe kuzungumza na anayebeba dumu. Mara nyingi ni binti wa miaka kumi na miwili au kumi na mitatu, na mara nyingi wanaambiwa wasubiri kidogo, bado hajarudi.