Kibao Ukutani kwa Kinyozi

Katika saluni ninakonyolewa hapa Morogoro kuna kibao cha namba za gari kilichopigiliwa misumari juu ya kioo. Katikati kina bendera ndogo yenye nyota tatu nyekundu. Juu kimeandikwa Washington, DC. Chini kuna maneno matatu ya Kiingereza. Mwenye saluni aliletewa zawadi hiyo na shemeji yake anayeishi Maryland.

Juzi, nikiwa kitini, kinyozi aliniuliza, “Mwalimu, yale maneno ya chini yana maana gani? Mimi huwaambia wateja ni ‘Karibuni Washington’.”

Nilimjibu kama niliye darasani: “Utozaji kodi pasipo uwakilishi.”

Mashine ikasimama. “Naomba kwa Kiswahili, Mwalimu.”

Nilidhani nimesema Kiswahili. Nikatafakari, kisha nikajaribu tena: “Unalipa, lakini husemewi.”

“Kumbe ni malalamiko!” akacheka. “Na serikali imekubali yabandikwe kwenye magari?”

Si kukubali tu. Ni serikali ya mji huo wenyewe iliyoanza kuyaandika, mwaka 2000. Wakazi wa Washington hulipa kodi ya taifa kama Wamarekani wengine, na kwa hesabu ya watu ya mwaka 2020 walikuwa zaidi ya 689,000, wengi kuliko watu wa jimbo zima la Wyoming. Hata hivyo, katika Seneti hawana mtu. Katika Baraza la Wawakilishi wana mjumbe mmoja, ambaye huzungumza na kukaa katika kamati, lakini kura ya mwisho ya kupitisha sheria hapigi. Hata haki ya kumpigia kura Rais waliipata mwaka 1961 tu, kwa marekebisho ya 23 ya Katiba. Ajabu ni kwamba malalamiko hayo ndiyo waliyoyatoa walowezi wa Marekani dhidi ya Uingereza kabla ya kujitangazia uhuru mwaka 1776. Taifa lililozaliwa kwa kilio hicho limekiacha kiendelee katika mji wake mkuu.

Nilipomweleza hayo, alitikisa kichwa kwa kuwahurumia Wamarekani. Nikamkumbusha kwamba babu zetu walikuwa na hali mbaya zaidi. Waingereza walipounda Baraza la Kutunga Sheria la Tanganyika mwaka 1926, hapakuwa na Mwafrika hata mmoja ndani yake. Waafrika wa kwanza, machifu wawili, waliingia mwaka 1945, tena kwa kuteuliwa. Kwa miaka 19, mwanakijiji alitoa kodi ya nyumba na ya kichwa kwa serikali ambayo barazani mwake hapakuwa na mtu wa kumsemea.

“Lakini sisi leo tunao wabunge,” alisema, akinipangusa shingo. “Nalipa leseni, nalipa kodi ya makadirio, nalipa ya taka. Je, mimi nasemewa?”

Nimefundisha somo la uwakilishi kwa miaka mingi, na sikuwa na jibu la haraka. Darasani tunahesabu viti: nani anacho, nani hana. Kwa kipimo hicho kinyozi wangu amewakilishwa na mkazi wa Washington hajawakilishwa, na mjadala umekwisha. Lakini neno nililolazimika kulitafuta kwa ajili yake lilidai zaidi ya kiti. Mtu anaweza kuwakilishwa kwa miaka mitano pasipo kusemewa hata siku moja, na kibao cha namba hakina nafasi ya kuandika malalamiko ya namba hiyo. Nafasi yake ni vikao vya mtaa, mikutano ya hadhara, na hatimaye sanduku la kura.

Kabla sijaondoka aliniomba niandike tafsiri ile kwenye karatasi. Ameibandika chini ya kibao. Nilipopita jana, mteja mmoja alikuwa akiisoma kwa sauti, kisha akauliza imeandikwa na diwani gani.