Kutoka Mwazye hadi Kilwa: Tumhifadhi Vipi Ebrahim Hussein?

Mwazye ni kijiji cha uwanda wa juu wa Ufipa, katika Wilaya ya Kalambo, mkoani Rukwa. Bahari iko mbali nasi, na sisi Waislamu wa huku ni wachache. Msomaji ana haki ya kuuliza: watu wa Mwazye wana nini na mwandishi wa tamthilia aliyezaliwa pwani ya kusini ya Tanganyika mwaka 1943? Makala hii ni jibu letu, nayo imetokana na safari.

Ebrahim Hussein ni mtoto wa pwani na wa malezi ya Kiislamu. Alisoma Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akapata shahada ya uzamivu Berlin ya Mashariki, kisha akarejea kufundisha. Tamthilia yake ya Kinjeketile ilichapishwa mwaka 1969, na Mashetani ikafuata mwaka 1971. Baadaye zilikuja Arusi na Kwenye Ukingo wa Thim. Wengi wetu tulikutana naye darasani, tukajibu maswali ya mtihani, kisha tukamwacha hapo.

Kinjeketile inahusu Vita vya Maji Maji vya mwaka 1905 hadi 1907. Vita hivyo havikufika Ufipa, lakini suala lililomo limefika zamani. Mji wetu mkuu unaitwa Sumbawanga, jina ambalo wenyeji hulieleza kuwa ni “tupa uchawi”. Pamoja na jina hilo, bado zipo nyumba ambamo mtoto akiugua, mganga hufikiwa kabla ya zahanati, na bibi kizee mwenye macho mekundu hunyooshewa kidole. Wapo pia wenye kuswali huku wamefunga hirizi mkononi. Mwandishi aliyekaa akatafakari jinsi watu wanavyoyaamini maji, na jinsi imani hiyo inavyoweza kuwaunganisha na kuwaangamiza kwa pamoja, ni mwandishi wetu pia.

Katika tamthilia, Kinjeketile anawapa watu maji na kuwaunganisha makabila yaliyokuwa yakidharauliana. Kisha anaingiwa na shaka. Utabiri aliotamka unawaahidi watu kwamba baada ya Mjerumani watakuwa watoto wa Seyyid Said, naye anajiuliza huo ni ukombozi gani, kutoka mkono wa bwana mmoja hadi mkono wa bwana mwingine. Anataka watu wangoje, lakini neno limekwisha kumtoka na watu hawangoji tena. Mwandishi hakumbembeleza Mjerumani, wala hakumpendelea Sultani kwa kuwa ni Mwislamu. Uadilifu wa namna hiyo tunaufundisha madrasa, na ni vyema vijana wetu wauone ukitendeka katika kitabu cha Kiswahili.

Tulisafiri tukiwa wanne wa kamati. Tulishika barabara kuu ya Tunduma, tukapita Mbeya, Iringa na Morogoro hadi Dar es Salaam, kisha tukageukia kusini. Tulivuka Mto Rufiji kwa Daraja la Mkapa, na hapo mazungumzo ndani ya basi yalipungua miongoni mwetu, kwa kuwa huo ndio mto wa habari yenyewe. Ngarambe, alikotokea Kinjeketile Ngwale wa historia, iko upande huo wa nchi. Wajerumani walimnyonga Mohoro mwezi Agosti 1905, vita vikiwa ndiyo kwanza vinaanza. Mwandishi mwenyewe alieleza kwamba Kinjeketile wa jukwaani si yule wa historia kwa kila jambo, na msomaji mwema hana budi kuwatofautisha.

Kutoka Nangurukuru tulifika Kilwa Kivinje. Kuta za mawe zimeliwa na chumvi, na miti imeota ndani ya vyumba vilivyokuwa vya watu. Pale Mwembe Kinyonga tuliwakumbuka Hassan bin Omari Makunganya na wenzake, walionyongwa na Wajerumani mwaka 1895, miaka kumi kabla ya Maji Maji. Kilwa Kisiwani tuliswali rakaa mbili na kuutazama Msikiti Mkuu, katika mji ambao Ibn Battuta aliuzuru mwaka 1331. Magofu hayo yamo katika Urithi wa Dunia tangu mwaka 1981. Tulijiuliza: mawe yamepata walinzi, je, maneno yaliyoandikwa na mtoto wa pwani hii yana mlinzi gani?

Jibu la haraka ni kutafuta nyumba alizoishi na kuzifanya makumbusho. Uingereza walifanya hivyo: mwaka 1847 nyumba aliyozaliwa Shakespeare mjini Stratford-upon-Avon ilinunuliwa kwa michango ya watu, nayo inatunzwa hadi leo. Hatuoni ubaya katika hilo. Lakini Ebrahim Hussein alijitenga na majukwaa na sifa kwa miaka mingi, na Qur'ani katika Suratun Nur imetufunza kutoingia nyumba zisizo zetu mpaka tuombe idhini na kutoa salamu. Kumuenzi mtu hakuanzii kwa kumvizia mlangoni. Nyumba haigeuzwi maonyesho bila ridhaa ya mwenyewe au ya watu wake. Nasi hatutafuti mahali pa kufanyia tawafu. Heshima ina mpaka wake.

Uwanda wetu unatupa funzo jingine. Mababu wa Kifipa waliyeyusha chuma katika matanuri marefu ya udongo yaitwayo malungu, yaliyopita kimo cha mtu, yakivuta hewa yenyewe bila mivukuto. Baadhi ya matanuri yangali yamesimama mashambani. Lakini muulize kijana apitaye kando yake namna chuma kilivyopatikana, atakuambia hajui. Jengo limebaki na elimu imeondoka. Tukimjengea mwandishi nyumba ya kumbukumbu na vitabu vyake visisomwe, tutakuwa tumepata lungu jingine.

Wapo wazee msikitini kwetu wasiopenda neno “tamthilia”, wakiliona ni mchezo unaomshughulisha mja na kumsahaulisha Mola wake. Hofu yao tunaiheshimu, na masheikh wametofautiana katika jambo hili. Tuliwaomba wasikilize kitabu kikisomwa kwa sauti, bila jukwaa wala ngoma, kisha watoe rai. Mmoja wao alisikiliza mpaka mwisho, pale Kinjeketile anapotakiwa na Wajerumani akane maji naye akakataa. Mzee akasema kwamba angependa kumuuliza mwandishi kama mtu yule alikufa kwa ajili ya ukweli au kwa ajili ya neno alilojua lina walakini. Ukumbi mzima ulijadili swali hilo hadi adhana ya Alasiri.

Huo ndio uhifadhi tunaoupendekeza kwa familia. Kila nyumba yenye mwanafunzi wa sekondari iwe na nakala moja ya kitabu chake, isomwe na wazazi pia. Madrasa zitenge siku moja kwa mwezi ya kusoma na kuhojiana. Vijana waandike habari za wazee wa kijiji wangali hai. Wenye kipaji wajaribu Tuzo ya Ushairi ya Ebrahim Hussein, iliyoanzishwa kwa fedha alizoziacha rafiki yake, mtengenezaji filamu wa Kanada Gerald Belkin. Rafiki alipotaka kumuenzi hakununua ukuta. Aliweka mali yake ili wengine waandike.

Na zile hirizi zilizo mikononi mwetu, tuzizungumze nyumbani kwa upole na bila kumdhalilisha mtu, kitabu kikiwa wazi mbele yetu. Mwenyezi Mungu atujaalie elimu yenye manufaa, na atuepushe na neno tusiloweza kulirudisha. Amin.