Spika za babu na usingizi wa mjukuu

Kwa miezi kadhaa familia moja ya Chumbageni, jijini Tanga, ilibishana kuhusu spika. Babu, mstaafu wa bandari, alisema zimekufa. Mkwewe alinong'ona kwa mumewe kuwa zinasikika mpaka kwa jirani. Katikati yao kulikuwa na mtoto wa miezi minane anayelala mchana kwenye mkeka sebuleni, hatua mbili kutoka spika ya kushoto.

Spika zenyewe si zile za boksi. Ni bapa, nyembamba kama mlango wa kabati. Babu aliletewa na kaka yake kutoka Muscat. Fundi wa Ngamiani alipovua kitambaa hakukuta koni ya karatasi, wala ile sponji ya pembeni ambayo kwenye spika za kawaida huoza na kumeguka kama keki kavu. Alikuta plastiki nyembamba iliyowambwa kwenye fremu kama ngozi ya ngoma. Juu yake nyaya za alumini zimebandikwa kwa gundi kwenda na kurudi, na nyuma kuna bati la matundu lenye mistari ya sumaku. Umeme wa muziki ukipita kwenye waya, sumaku huuvuta na kuusukuma, na plastiki yote hutikisika nao.

"Mzee, sumaku ziko vizuri. Iliyokufa ni gundi," alisema fundi.

Joto huilegeza, unyevu hupenya, waya ukiachia huanza kugonga plastiki: ndiyo ile sauti ya nzi ndani ya kopo. Karibu na bahari kuna na chumvi, nayo huila alumini polepole. Fundi alisafisha, akabandika nyaya upya, akashauri zisipigwe jua wala kukaa mkabala na dirisha la upepo wa bahari.

Zikarudi safi kabisa. Babu akaongeza sauti palepale pa zamani. "Bado hazisemi," alilalamika.

Mkwe hamwambii baba mkwe kuwa hasikii. Aliyesema ni fundi: "Mimi nazisikia nikiwa nje getini, mzee."

Ndani ya kila sikio mna chembe zenye vinywele, takriban 15,000. Zikifa kwa kelele au uzee, hazioti tena, na hakuna gundi yake. Kwa watoto wanaosikiliza muziki kwenye vifaa, Shirika la Afya Duniani linashauri wastani usizidi desibeli 75 kwa saa 40 kwa wiki. Kila desibeli 3 zikiongezeka, muda unakatwa nusu. Programu za simu za kupima kelele si sahihi kama kifaa cha kitaalamu, lakini zinatosha kumwonyesha mzazi kama sebule yake imepitiliza.

Mtoto sasa analala chumba cha ndani. Babu amekubali kwenda kupimwa masikio Jumatatu, kwa sharti moja: mtu asiguse taarabu yake ya saa kumi jioni.