Glisirini ya mama

Nimepotea siku nyingi, si mnajua test zilivyotubana. Leo naungama kosa langu la likizo.

Nilifika nyumbani Mpepai mwezi wa saba, baridi ile ya Umatengo (nyie wa Dar mkiambiwa mnadhani utani), kahawa imeiva na kila mtu yuko shambani. Dirishani kwa mama nikakuta kichupa cha glisirini. Mimi msomi, kichwa kimejaa stori za mkorogo za hosteli, nikamwambia, "Mama, haya makemikali yatakuharibu ngozi." Nikaimwaga yote. Mama akaguna tu, "Haya mwanangu, wewe ndiye uliyesoma."

Haikupita wiki, vidole vyake vikapasuka. Asubuhi kuchuma buni na umande, jioni vyombo kwa maji ya baridi, mipasuko ikawa inatoa damu. Usiku nikamwona anashindwa kukunja mkono kushika kijiko. Hakunilaumu, na hapo ndipo iliponiuma.

Kesho yake bodaboda mpaka Mbinga mjini, duka la dawa. Dada wa pale alinicheka weee! Akasema vilivyopigwa marufuku kwenye vipodozi ni kama zebaki na haidrokwinoni, na ndivyo vinavyokutwa kwenye mikorogo. Glisirini haichubui mtu. Inatokana na mafuta ya mimea au wanyama, hubaki wakati wa kutengeneza sabuni, na hata ngozi yetu ina ya kwake. Dawa nyingi za meno pia zinayo, kumbe naipigia mswaki kila siku!

Kazi yake ni kuvuta maji na kuyashika. Ndiyo maana ukiipaka yenyewe tupu kwenye ngozi kavu, na hewa nayo kavu, inaweza kuvuta maji ya ndani ya ngozi yako, halafu unalalamika haifai. Ipake ukiwa bado na majimaji ya kuoga, au ichanganye na maji, kisha juu yake mafuta ya mgando. Ngozi yako ikiwa korofi, jaribu kidogo mkononi kwanza.

Hela ya boom iliyobaki ikaishia hapo. Jioni nikamloweka mama mikono kwenye maji ya vuguvugu, nikampaka mwenyewe, kidole kwa kidole. Wiki mbili hivi mipasuko ikafunga.

Siku naondoka, mama kakishika kichupa kifuani: "Hiki nakificha mpaka basi liondoke."