Kibiti na Midomo ya Rufiji



Kusafiri kwa ajili ya kutazama si upuuzi, kama wadhanivyo baadhi ya wazee wetu, wala si anasa ya Wazungu peke yao. Mwenyezi Mungu ametuhimiza katika Kitabu chake, wala si mara moja, twende katika ardhi tutazame. Lakini kutazama kwataka macho, na macho ya siku hizi yamezoeshwa vitu vitatu tu: mchanga mweupe, maji ya buluu na kiti cha kulalia. Mtu akitajiwa mji wa pwani huvitafuta hivyo. Asipoviona, husema hapana kitu.

Kwa kipimo hicho, kwetu Kibiti hapana kitu kweli. Mji wenyewe haumo baharini. Umo kando ya barabara kuu iendayo Lindi na Mtwara. Mabasi husimama, abiria hununua korosho madirishani, mabasi huondoka. Pwani yake iko mbali, nayo si mchanga bali ni tope na mikoko. Kisha lipo jambo ambalo watu hulisema kwa sauti ya chini. Kati ya mwaka 2015 na 2017 viongozi wa vijiji na askari polisi waliuawa katika wilaya hii, na jina la Kibiti likawa la kutisha. Siku zile zimepita, Alhamdulillahi, lakini jina baya lina miguu mirefu kuliko habari njema. Hata leo nikisema natoka Kibiti, mtu hunitazama mara ya pili.

Mpwa wangu, mtoto wa marehemu dada yangu, alinijia mwaka jana kutoka Mbagala. Baada ya shikamoo na marahaba, na baada ya chai, akatoa karatasi mfukoni. Mama yake aliacha shamba la minazi na mikorosho upande wa Nyamisati, na amepatikana mnunuzi ambaye anataka kujenga nyumba ya wageni. Bei si mbaya. Alitaka niweke saini kuwa shahidi.

"Dada yako wa Tanga amesemaje?" nikamuuliza.

"Nitamwambia, mjomba. Tumalize kwanza." Kisha akacheka, akasema, "Lakini mjomba, mnunuzi anasema watalii watakuja. Kwani huku kuna nini cha kutazama?"

Mtoto alizaliwa mjini, simlaumu. Nikamwambia akae siku tatu, twende tukatazame. Karatasi haitaota mabawa.

Mwenye kutoka Dar es Salaam hupita Mkuranga na Kimanzichana, na kabla hajafika Kibiti hukata kushoto pale Bungu, akateremka mpaka Nyamisati. Hapo ndipo watu wanapopandia vyombo vya kwenda Kilindoni, kisiwani Mafia. Ukae kidogo gatini ukatazame. Utaona magodoro, mabati, kuku, bibi harusi na maharusi wenzake, na mgonjwa anayesindikizwa, wote katika chombo kimoja. Sisi hatukuelekea Mafia. Tulitafuta mashua ya kuingia ndani ya delta, na nahodha akatuambia tungoje maji. Mpwa wangu akatazama saa yake. Nahodha akatazama mkoko.

Hilo ndilo la kwanza la kujifunza huku. Saa ya delta ni maji kujaa na maji kupwa. Ukikosa maji, chombo hukaa juu ya tope, na utasubiri hata ukiwa waziri. Wakati wa bamvua, mwezi uandamapo au ukamilikapo, maji huingia mbali sana na hutoka mbali sana, na mgeni asiyeuliza hulala njiani pamoja na mbu.

Mto Rufiji unapokaribia bahari hugawanyika vijito vingi, navyo humwagika baharini kwa midomo yenye majina yake: Simba Uranga, Kikunya, Kiomboni, Msala na mingineyo. Baina ya vijito hivyo umesimama msitu wa mikoko wa takriban hekta 53,000, mkubwa kuliko wote ulio mahali pamoja katika Afrika Mashariki. Mwanzo utaona ukuta wa kijani tu. Mwombe nahodha akutajie. Huu ni mkoko wenyewe, wenye miguu kama buibui. Huu ni mchu, unaotoa pumzi kwa vijiti vilivyochomoza topeni. Huu mkandaa, magome yake yalitia rangi ngozi. Huu mlilana, ambao mafundi huukatia mataruma ya vyombo. Kutwa nzima nilimsikia mpwa wangu akirudia majina hayo kimoyomoyo kama mtoto wa chuoni.

Boriti za hapa zimesafiri kuliko sisi. Nyumba za mawe za Unguja na Lamu zina vyumba virefu vyembamba kwa sababu upana wa chumba ulifuata urefu wa boriti, na mchwa hauli mti huu kwa urahisi. Nyumba za Kuwait kabla ya mafuta ziliezekwa kwa boriti za pwani yetu, maana jangwani miti haipo. Mwaka 1939 baharia Mwaustralia aitwaye Alan Villiers aliingia Rufiji katika jahazi la Kuwait, nahodha wake Ali bin Nasr Al-Nejdi, wakaja kupakia boriti hizo, na habari zake akaziandika kitabuni. Hakupapenda, kwa joto, tope na mbu. Simkatalii, mbu wapo hata sasa, na mwenye akili huja na chandarua chake. Lakini fikiri, ndugu yangu: mzee wa Kuwait alilala miaka hamsini akitazama dari iliyokatwa na mtu wa Salale, wala hawakujuana.

Salale yenyewe ina habari nyingine, na wageni wachache wafikao huku huijia hiyo. Mwezi Septemba mwaka 1914 manowari ya Kijerumani iitwayo Königsberg iliizamisha Pegasus ya Waingereza katika bandari ya Unguja, kisha ikajificha humu vijitoni, ikifunikwa matawi. Waingereza waliizingira kwa miezi mingi. Wakaleta ndege, ambazo wakati ule zilikuwa kioja, na manowari mbili zisizozama sana majini, Severn na Mersey, na tarehe 11 Julai 1915 wakaimaliza. Mizinga yake 10 ikaopolewa, ikaburuzwa mpaka Dar es Salaam na ikaendelea kupiga vita nchi kavu. Mmoja upo Mombasa mpaka leo, Ngome ya Yesu. Majina ya maofisa yamo vitabuni. Waliovuta kamba za mizinga ile katika tope na jua ni babu zetu, na sijaona ukuta ulioandikwa majina yao. Chuma cha manowari kiliuzwa chakavu zamani, kwa hiyo usije ukitarajia kuona meli. Utaona maji yaliyotulia, na nahodha atakunyooshea kidole.

Usiku tulilala kijijini kwa mtu ninayemfahamu. Tulisali Magharibi katika msikiti mdogo wa mabati, tukaletewa wali wa nazi na mchuzi wa kamba, kamba wenyewe wametoka majini jioni ile ile. Chakula kama hicho mjini kina bei ya kutisha. Mwenyeji alikataa fedha mara mbili. Mara ya tatu nilimpa mtoto wake wa shule, ndipo ikapokelewa. Nawaambia haya kwa kuwa watu wengi hukosea: huwafanya wenyeji wahudumu. Ukifika kijijini, mwone mwenyekiti kwanza. Ulize kabla ya kupiga picha, hasa wanawake walio kwenye kazi zao za tope. Nguo ya kuogelea iache kwenye mkoba.

Baada ya kula ndipo mazungumzo yalipokolea. Mwenyeji wetu ni mkulima wa mpunga. Mpunga wa delta hutegemea maji matamu ya mto kuyasukuma maji ya chumvi, na maji ya chumvi yakizidi, shamba hufa, na mtu huingia ndani zaidi kufyeka mikoko apate ardhi mpya. Serikali inasema msitu ni wa hifadhi. Mkulima anasema watoto wanakula. Wote wawili wasema kweli, na hapo ndipo penye uzito. Juu mtoni limejengwa bwawa la Julius Nyerere, la megawati 2,115, lililoanza kutoa umeme mwaka 2024. Na Aprili mwaka huo huo mafuriko yalifunika mashamba na nyumba katika Rufiji na Kibiti. Mwenyeji alituonyesha alama ya maji ukutani. Ilikuwa juu ya kifua changu.

Akatukumbusha pia mwishoni mwa miaka ya 1990, ulipokuja mpango wa kufuga kamba katika mabwawa juu ya eneo la hekta zipatazo 19,000. Serikali ilikwisha kuukubali mwaka 1997. Watu wa vijiji waliupinga, wengine wakaenda mahakamani, na mabwawa yale hayakuchimbwa.

"Tungeuza siku ile," akasema, "leo mngelala kwa nani?"

Mpwa wangu hakujibu. Mimi pia sikuongeza neno, kwani mtu akisha kusema lililo sawa, mwingine akilirudia huliharibu.

Siku ya tatu tulikwenda shambani. Minazi imezeeka, mikorosho imefungwa na magugu. Ni kweli pia kwamba mtoto huyu ana kodi ya nyumba na ada za shule, na mali ni haki yake kuuza. Sikumzuia na sina mamlaka ya kumzuia. Nilikataa jambo moja tu: kutia saini wakati mrithi mwenzake hajui. Fungu la binti lilikwisha kugawiwa na Mwenye kugawa, na udogo wake kuliko la kaka si ruhusa ya kulisahau. Mnunuzi akileta watalii au asilete, hilo ni la baadaye.

Alizunguka shamba zima peke yake. Nikamwona anagusa shina moja baada ya jingine, midomo ikicheza, nikajua anahesabu. Aliporudi akaniuliza, "Mjomba, zikigawiwa mafungu matatu, dada anapata ipi, ya huku au ya barabarani?"

"Mpigie simu umuulize yeye."

Huko shambani mtandao haupatikani vizuri. Akapanda kichuguu, simu juu, mkono mmoja umeshika mkorosho.