Nusura Achome Nyumba ya Bibi Kisa Nyigu, Picha Ikamuumbua

Kuna kijana mmoja wa Marambo, kule mkoani Lindi, nusura achome nyumba ya bibi yake kisa nyigu. Sio utani.

Mpwa wake wa miaka 5 alidungwa karibu na dirisha, jicho likavimba hadi likaziba. Akakimbizwa zahanati. Jamaa aliporudi akaona vifuko vya udongo vimebandikwa juu ya mlango. Hapo hapo akafunga nyasi kwenye mti, akaomba kiberiti. Na paa lenyewe la nyasi!

"Mjukuu wangu, huyo mbeba udongo hana shida na mtu," bibi akamwambia.

"Bibi, hizo za kizamani."

Bibi akanyamaza, akaingia ndani.

Mdogo wake wa kike ndiye aliyeokoa jahazi. Akachukua simu, akampiga picha nyigu kwa ubavuni, maana anatambulika kwa kiuno na mabawa. Ya kwanza ukungu mtupu. Ya tatu ikatoka, akaipandisha iNaturalist, watu wakamjibu: Sceliphron spirifex. Mwili mweusi, kiuno cha njano chembamba kama uzi. Huyu anaishi kivyake. Jike hujenga peke yake, hukamata buibui, huwadunga wakapooza, kisha huwafungia humo na yai moja ili mtoto akitoka akute msosi. Hana kundi la kulinda, kwa hiyo ni nadra kumdunga mtu, labda umshike.

Binti akazunguka hadi dirishani. Nyuma ya ubao kulikuwa na kiota kingine, cha kijivu kama karatasi, vyumba viko wazi, nyigu wamekijaa, mabawa wameyakunja kwa urefu. Belonogaster. Hao wanaishi kiukoo, ukigusa kwao wanakufuata. Kumbe mtoto alikuwa anafungua dirisha!

Usiku, wakiwa wametulia, jirani mzoefu akakitoa. Hakuna moto uliowashwa.

Asubuhi jamaa akachota maji ndoo mbili bila kutumwa, akazitua mlangoni. "Bibi, nisamehe."

Bibi akatazama juu, pale kwenye udongo. "Usivibomoe. Mle kuna watoto wa mtu."

Wewe je, umeshawahi kumwashia moto asiyehusika?